Nzi wa Kufungwa kwa Uzi

Baba mkubwa alitoa shingo ya jogoo ndani ya sachet nyeusi ya plastiki akaiweka juu ya meza ya saluni yangu, katikati ya vitana na chupa za mafuta ya nywele. Haikuwa imekauka. Ngozi ilikuwa bado na unyevu upande wa ndani, na pale kichwa kilipokatwa damu ilikuwa imeganda, nyeusi, inang'aa. Mteja niliyekuwa namsuka alisogeza kiti chake mpaka ukutani.

"Baba mukubwa, hii nini?"

"Manyoya," akasema. "Hii njo mwanzo ya kazi yetu."

"Kazi gani?"

"Utanifungia mainzi."

Baba mkubwa ni kaka wa baba yangu. Alikuwa dereva wa mapadri hapa Butembo kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na padri mmoja mzee, kabla ya kurudi kwao Ulaya, alimwachia fimbo ya kuvulia na kumfundisha kumvua truiti. Huyo ni samaki wa maji baridi, mwenye madoa ubavuni, ambaye inasemekana wazungu wa zamani walimpanda katika vijito vya milimani, upande wa Lubero. Anakula wadudu. Kwa hiyo mvuvi hufunga manyoya na nywele juu ya ndoano kwa uzi mwembamba mpaka ifanane na mdudu, kisha anaitupa juu ya maji. Hiyo ndiyo wanayoiita nzi. Kwa mnyoo pia samaki huyo anakuja, lakini baba mkubwa alisema kuvua truiti kwa mnyoo ni kama kuingia nyumba ya mtu kwa dirisha.

Tangu alipopatwa na kiharusi mkono wake wa kuume ulikuwa unatetemeka. Fimbo aliweza kuishika; uzi ulimshinda. Nzi zake zilizobaki ndani ya kopo zilikuwa zimeliwa na nondo.

"Vidole yako inajua uzi," akaniambia. "Mutu mwenye anasuka rasta ya vile, hawezi shindwa na inzi."

Nilitaka kukataa. Mimi nimekulia Beni, nyumba ya kakao. Mama alianika kakao kwenye shitingi, turubai la plastiki, mbele ya mlango, na ile iliyokuwa bado inaumuka kwenye masanduku ilitoa maji machachu yaliyoita nzi wa mtaa mzima. Walitua kwenye midomo yetu tukila, wakaelea kwenye chai. Nilipopanda Butembo kujifunza kusuka, kitu cha kwanza nilichokipenda ni baridi, kwa sababu baridi ilipunguza nzi. Lakini baba mkubwa ndiye aliyenipokea nyumbani kwake wakati huo, na kwetu mtu wa namna hiyo humwambii hapana. Niliifunga shingo ile ndani ya sachet yake kwa ncha za vidole, nikanawa mpaka viganja vikawa vyeupe.

Tulianza siku ya Bwana, baada ya misa, nyumbani kwake. Alikuwa amekaza koleo ndogo kwenye ukingo wa meza kwa skrubu. Koleo hiyo ilibana ndoano ili mikono yote miwili ibaki huru. Mwanzo ulikuwa rahisi: kuzungusha uzi juu ya ndoano, kuubana, kuuzungusha tena. Kisha akasema nifanye mwili.

"Twaa ile ngozi."

Ilikuwa ngozi ya fuko, imepigiliwa misumari kwenye ukuta wa jiko. Aliipaka chumvi, lakini chumvi ilikuwa haitoshi. Nilipong'oa nywele kidogo, kitu cheupe kikajinyonga chini yake, kisha kingine. Funza. Niliruka nyuma nikagonga sufuria.

"Hapana ogopa. Bale nabo ni bamushi, mainzi ya kesho," akasema, akacheka peke yake.

Nywele hizo husokotwa kwenye uzi uliopakwa nta. Nta aliitoa mfukoni, ngumu kama jiwe, akaitia mdomoni akaitafuna polepole huku akiniangalia, kisha akaitema kiganjani na kunipa. Ilikuwa ya moto na imejaa mate ya mzee. Niliishika. Nilisokota. Sikupumua kwa pua mpaka nilipomaliza. Baada ya hapo zikaja nywele za simbilisi, wale kobayi wadogo wa kufugwa wanaolala chini ya vitanda katika nyumba za huku, na zilikuwa zinanuka mkojo wao. Mwisho, unyoya wa shingo ya jogoo unazungushwa kichwani pa ndoano ili usimame kama miguu ya mdudu.

Baba mkubwa aliinua kazi yangu kwenye mwanga.

"Hii iko inzi ao iko mufagio?"

Nzi zangu za kwanza zote zilikuwa hivyo, nene, kama mende aliyekanyagwa. Nikaona kosa ni la ule uchafu, siyo la mikono yangu. Nikarudi saluni nikafunga nyingine kwa meshi safi za kusukia: nyekundu, zambarau, moja yenye uzi wa dhahabu. Hazikunuka chochote. Nilizipenda. Baba mkubwa aliziangalia, akazitia ndani ya kopo.

Tulipanda mlimani kwa moto, pikipiki ya kukodi, dereva mbele, yeye katikati, mimi nyuma nikiwa nimekumbatia fimbo. Kijito kilikuwa kinapita chini ya mashamba ya viazi, maji meupe ya baridi inayouma mifupa. Akaniacha nitupe nzi zangu za urembo. Nilitupa mpaka bega likauma. Ile ya dhahabu ilipita juu ya samaki niliyekuwa namwona wazi kabisa. Akasogea kando, kama mtu anayempisha mlevi njiani.

"Sasa ukuje," akasema baba mkubwa. "Bikula yao iko apa."

Aliniambia nigeuze jiwe. Nilikunja nguo, nikatia mikono majini, nikageuza. Chini yake palikuwa na uhai ambao mpaka leo nikiukumbuka shingo inanisisimka. Vidudu bapa, rangi ya matope, vyenye mikia mitatu mitatu, vilikuwa vinakimbia pande zote, na ubavuni mwao kulikuwa na vitu laini vinavyopepea kama vinahema. Vingine vilikuwa vimejijengea vinyumba vya mchanga, na kichwa cheusi kinachungulia. Kimoja kilipanda kidoleni kwangu. Baba mkubwa akakichukua kwa upole, akakiweka kwenye kiganja kinachotetemeka.

"Angalia ukubwa yake. Angalia rangi. Iko na zambarau?"

"Hapana, baba."

"Donc? Basi?"

Katika kopo tulichagua nzi moja ya nywele za fuko, ile mbaya kuliko zote, tukaipunguza kwa mkasi mpaka ikabaki nyembamba. Niliitupa juu ya jiwe kubwa, maji yakaibeba, uzi ukasimama. Nilivuta. Kitu kikavuta upande wa pili, na moyo wangu, sitasema uongo, ukaruka kwa furaha. Ndipo samaki akafika mikononi: utelezi, ute unaobaki kati ya vidole kama makamasi, jicho lisilofumba.

Nilidhani imeisha. Baba mkubwa akampasua pale pale, akatoa utumbo, akaupasua nao kwa kisu, akamimina kilichomo juu ya jani. Uji mweusi. Ndani yake miguu, mabawa, vichwa, na mdudu mmoja ambaye bado anatikisa mkia.

"Soma," akaniambia. "Aliandika mwenyewe chenye anapenda."

Nilitapikia kwenye nyasi. Alingoja nimalize, akaniuliza kama nimeona kwamba wengi ni wale wa kinyumba cha mchanga.

Nimeulizwa mara nyingi, hasa na wateja, kwa nini niliendelea. Kinyaa hakikupungua, nilifunga kitambaa puani, nilinawa kwa sabuni ya kufulia, na chakula cha siku ya Bwana kilinishinda. Lakini mikono ilikuwa inajua. Ilifika wakati baba mkubwa alikuwa anainua nzi yangu kwenye mwanga na haulizi kitu, anaitia koponi tu, na mimi nilikuwa nangoja ukimya huo wiki nzima.

Kisha ikafika arusi ya msichana mmoja wa kule mlimani, jirani wa kile kijito. Nilipanda siku moja kabla ili nimsuke. Baba mkubwa alikuja nami. Alitaka kuwavulia wazazi samaki wawili watatu wa heshima. Asubuhi ya arusi, nikiwa nimekwisha msuka bibi arusi, tulishuka majini.

Harufu ilitupokea kabla ya maji. Ilikuwa kali, ya duka la dawa za shamba, inakaa nyuma ya ulimi. Kijito kilikuwa kimejaa matumbo meupe. Truiti wakubwa hawakuwepo tena, walikuwa wameshaokotwa. Waliobaki ni wadogo kama kidole, wamenasa kwenye nyasi, midomo wazi. Nikageuza jiwe. Wale vidudu walikuwa wamejikunja, wanaelea, na nilipowagusa wakavunjika kama majani yaliyolowa.

Kwenye kidimbwi kilichofuata chini tulimkuta kaka wa bwana arusi, mkulima wa viazi na kabichi, suruali imekunjwa, anasuuza samaki ndani ya mfuko wa unga. Alitusalimu kwa furaha.

"Muzee, wewe unakamata moja moja na manyoya. Angalia mimi!"

"Uliweka nini?" nikamuuliza.

"Dawa ya kabichi. Kidogo tu. Moto itauwa sumu."

Akachota konzi ya wadogo, vichwa vinaning'inia kati ya vidole vyake, akaninyooshea nipokee. Alikuwa anatabasamu. Nimeshika shingo za majogoo, ngozi zenye funza, mate ya mzee na uji wa tumboni, lakini sijawahi kuona kitu kilichonigeuza moyo kama mkono ule. Baba mkubwa alikuwa anatetemeka mwili mzima, nikaogopa kiharusi kinarudi, nikamkalisha kwenye jiwe.

Nilipanda mbio mpaka jikoni, ambako wamama walikuwa tayari wameweka sufuria ya kwanza ya samaki hao motoni. Nikawaambia. Mama wa bibi arusi alinikasirikia kwanza: nataka kuharibu arusi ya mtoto wake? Akamwita yule mwanaume, akamuuliza mbele ya wote. Hakukana. Akarudia maneno yake ya moto kuua sumu, na kwamba samaki ni wa Mungu, hakuna mwenye shamba lake majini. Yule mama akabeba sufuria kwa mikono yake akaenda kuimwaga kwenye shimo la choo. Wageni walikula bugali, maharagwe na kuku, na upande wa bwana arusi walikaa wamenuna mpaka jioni.

Wiki ile ile bibi arusi alinipigia simu, ananong'ona.

"Yaya, dada yangu, ule mufuko ya samaki hapana iliisha. Shemeji alizikausha na moshi. Leo alishuka nazo Beni, kule hapana batu banamujua."

Mama yangu yuko Beni, na Ijumaa haipiti bila kununua samaki wa kukaushwa. Simu yake haikuwa inapatikana. Kesho yake nilifunga saluni nikapanda gari ya kwanza.

Nilipitia sokoni kwanza, nikamkuta yule kaka wa bwana arusi amekaa kati ya wauza makayabo, samaki wa chumvi, truiti wamepangwa juu ya karatasi, weusi kwa moshi. Madoa hayakuonekana tena. Mke wa afisa mmoja wa serikali, ambaye Kiswahili chake kilichojaa Lingala kilionyesha ametoka mbali, alikuwa ameshika mmoja ananusa.

"Oyo samaki ya wapi?"

"Ya milima, mama. Maji safi."

"Mama, weka chini," nikasema. "Ile samaki iliuliwa na dawa ya kabichi."

Mwanaume alisimama. Aliniita mchawi, akaniita mwanamke wa mainzi, akawaambia watu nina wivu wa biashara. Sikuwa na la kuonyesha ila wale samaki wadogo kama kidole aliowapanga pembeni. Nikauliza ni ndoano gani duniani inayokamata samaki wa ukubwa huo, wote kwa siku moja. Muuza makayabo wa karibu yake, mama mnene wa sauti kubwa, akachukua mmoja akamgeuza, akamtupa.

"Toka apa na pwazo yako, sumu yako! Kesho batasema makayabo yangu nayo inauwa batu!"

Wenzake wakasimama. Karatasi ikakunjwa na samaki wake ndani, ikasukumwa kifuani pake, naye akaondoka akitukana.

Nilifika kwa mama nimechoka. Alikuwa jikoni anakoroga, na nilijua kabla hajafunua.

"Nilipata samaki muzuri ya milima jana," akasema. "Kaa tukule."

"Ulishakula yake?"

"Nusu. Na niko muzima, kama unavyoniona."

Nilichukua sufuria. Alinifuata mpaka nyuma ya nyumba, nikachimba shimo kwa jembe, nikamwaga samaki na sombe yote, majani ya muhogo yaliyopikwa naye. Mama alisimama mlangoni, kitambaa cha jikoni begani, akanisemesha muda wote nilipokuwa nafukia: nimesomea wapi kutupa chakula, nani atasaga sombe nyingine, na mtu anayeshika funza kila siku ya Bwana anapata wapi kinyaa cha sahani yake. Nilimwangalia macho yake siku mbili zilizofuata, nikitafuta dalili ya sumu, nikimwamsha hata mchana akisinzia, mpaka akanifukuza nirudi Butembo kusuka watu wangu.