Naftali Anashuka Sekenke

Kinampanda nzima ilikuwa imeshaambiwa kwamba Naftali ni dereva. Aliyetangaza ni mkewe, Yunisi, hata kabla mumewe hajashika usukani. Enzi hizo za Mwingereza dereva aliamkiwa hata na watu waliomzidi umri. Naftali, utingo aliyekulia nyuma ya maksai, alijua kwamba akishindwa kulishusha lori mteremko wa Sekenke siku hiyo, tajiri mwenye gari atatafuta mtu mwingine, naye atarudi shambani akichekwa.

Tatizo lilikuwa miguu yake. Mzee Chrispin, dereva aliyekuwa anaacha kazi kwa sababu ya macho, alifundisha kwa kugomba. Walipotaka kusimama Kiomboi gari lilizimika, Naftali akagombezwa kwa kusahau klachi. Kwenye mteremko mdogo akaiwahi klachi, akagombezwa tena: breki kwanza, klachi iache mpaka gari likaribie kusimama. Kitu kilekile, huku lazima, kule kosa. Naftali aliitikia ndiyo, mzee, huku kichwa kikimzunguka.

Wakafika Sekenke na shehena ya karanga, wakaanza kushuka. Injini ikaanza kuguna. Sasa, mtu wa maksai akisikia mnyama wake anaguna hivyo humpumzisha, asipofanya hivyo ataitwa katili. Naftali akaihurumia injini, akakanyaga klachi.

Kimya. Halafu lori likachanganya mbio, breki zinanuka, kona inawajia. Naftali aliogopa, tena sana, na hakujua mguu upi ndio wenye makosa.

"Mwachie," Mzee Chrispin akasema polepole. "Mwache injini alie. Akilia ndiyo anatushika."

Maneno hayo hayakumwingia akilini hata kidogo. Akaachia klachi. Injini ikanguruma vibaya, lori likapungua kasi, naye akaongeza breki kidogo kidogo mpaka chini kwenye mbuga ya Wembere, ambako alikanyaga klachi mwishoni kabisa na gari likasimama.

Mzee akashuka, akashikilia mti, akatapika. Aliporudi alimuuliza Naftali kama sasa ameelewa.

Naftali akamfikiria Yunisi na kijiji kizima kinachomsubiri. Kusema ndiyo kulikuwa rahisi.

"Sijaelewa, mzee. Nimekutii tu."

Mzee Chrispin akafuta mdomo.

"Basi lori ni lako. Endelea kutii mpaka uelewe. Mwanangu Paulo aliniambia ameelewa. Tulimkuta kwenye ile kona, amekufa."