Magunia Manne Nyuma ya Kitanda

Nilitia mkono katika gunia hadi kiwiko, na ndani nikakuta joto la mtu mwenye homa. Gunia lilikuwa limekaa chumbani siku sita tu. Aliyefuga anajua maana yake: pumba zikipata joto zenyewe gizani, zimeanza kuoza. Mama mkwe wangu alikuwa amesimama mlangoni, ufunguo wa chumba umefungwa kwenye pindo la kanga yake. Akaniambia joto ni baraka.

Ng'ombe alikuwa wangu. Kwetu, upande wa Nyundo, binti akishatulia kwa mumewe wazazi humpelekea ng'ombe aliyezaliwa na wale wa mahari; tunamwita indongoranyo. Baba yangu alimswaga kwa miguu mpaka Mbugangari, mtaa wa mjini tunakoishi, ingawa hakupendezwa kwamba binti aliyesomeshwa sekondari na masista ameolewa na dereva wa lori na kuingia Uislamu. Alimfunga uani, akanywa chai, akaondoka bila kukaa. Binti yangu alipofikisha miezi mitatu nilishikwa na malaria, na nilipoinuka kitandani maziwa yangu yalikuwa yamekauka. Tangu hapo mtoto aliishi kwa ng'ombe yule. Jagi moja asubuhi, jagi moja jioni. Hakuwa na kingine.

Kiangazi majani hukauka, na mjini hakuna pa kuchungia. Kwa hiyo mwezi wa tano mume wangu alileta magunia manne ya pumba na chenga za mahindi kutoka njia ya Rutshuru. Mvua ilikuwa bado inanyesha na turubai la lori lilikuwa limetoboka. Magunia yalifika na unyevu. Aliyashusha, na kesho yake akaondoka safari nyingine.

Sista aliyetufundisha kazi za shamba alikuwa mkali kuhusu jambo hili. Anika mpaka zikauke, ziache zipoe, ndipo ufunge. Gunia lisiguse ardhi wala ukuta. Upepo upite chini yake. Uani kwetu jua halifiki, linazuiwa na ukuta wa jirani na migomba. Jua lilikuwa mbele ya nyumba, kando ya njia, na hapo ndipo tulipogombana.

Watu wa mume wangu ni wafanyabiashara tangu babu yao alipokuja na msafara kutoka Ujiji. Wanaonyesha kila kitu: nguo, harusi, vikombe vyenye ukingo wa dhahabu. Chakula hawaonyeshi. Unga huingia nyumbani chini ya mtandio. Ng'ombe hukamuliwa mlango ukiwa umefungwa. Mtu akihesabu akiba yako kwa macho, wanasema, akiba hiyo haifiki mwisho wa msimu.

“Mu nyumba yangu hatuanike chakula mu njia,” mama mkwe aliniambia. “Watu watahesabu.”

Nikamjibu wahesabu wachoke, kuvu haingoji kuhesabiwa.

“We na masomo yako,” akasema. “Masomo ilikupatia maziwa?”

Akayapanga magunia nyuma ya kitanda chake, juu ya udongo mtupu, yameegemea ukuta wa mawe meusi ambao hutoka jasho mwezi ule wote. Juu yake akatandika mikeka miwili na godoro kuukuu, mgeni akiingia asijue. Dirisha alilikaza kwa mbao.

Siku ile ya joto nilichota chenga kidogo kwa siri. Nikazitia katika chupa kavu pamoja na chumvi kavu, nikaziba, nikatikisa, nikaiacha kidogo. Sista alituonyesha: chumvi ikishika kwenye kioo, nafaka bado ina maji. Ilishika pande zote kama theluji ya mlima Karisimbi. Nikampelekea mama mkwe. Aliigeuza chupa, akaitazama, akaikwangua chumvi ile kwa kidole na kuitia katika sufuria ya maharagwe. Akasema shule imenifundisha kupoteza chumvi.

Hapo nilinyamaza. Hili nalisema kwa sababu wanawake wenzangu hupenda kusimulia ujinga wa wakwe zao tu. Nilikuwa na mikono miwili na akili timamu, na nilinyamaza kwa adabu, wiki kwa wiki, huku nikinusa chumba kile kila nilipopita. Harufu ilikuwa ya nguo zilizosahauliwa majini.

Mwezi wa nane gunia la kwanza lilifunguliwa. Pumba zilitoka kwa mabonge, kijani na buluu. Nikasema tuzitupe. Mama mkwe aliyavunja mabonge kwa ngumi, akamwagia maji moto, akakoroga.

“Ng'ombe si sultani,” akasema.

Siku ya kwanza ng'ombe alikataa. Siku ya pili njaa ikamshinda. Baada ya siku nne jagi lilijaa nusu, kisha likawa kikombe. Ng'ombe akaanza kuharisha na kusaga meno. Na maziwa yale ya mwisho, kikombe kile, nilimnywesha mwanangu mwenyewe, kwa mkono huu ninaoandikia. Akaharisha naye. Nikampa uji mwembamba. Mashavu yakamwisha, miguu ikamvimba, akaacha kulia. Mtoto akiacha kulia ndipo uogope.

Ng'ombe alilala chini, hakuinuka tena. Mganga wa mifugo alikuja na baiskeli mzoga ukiwa bado uani. Hakuuliza mengi. Aliomba kuona alichokula, akapelekwa chumbani, akatumbukiza mkono, akaunusa. Akaniambia mimi, si mama mkwe, kwamba jibu ni hili hapa, tena tusithubutu kuwapa pumba zile hata kuku.

Kesho yake wanawake wa mtaa walikuja kutupa pole. Nilikuwa jikoni nimempakata mtoto, na mlango wa jikoni hauna ubao. Mama mkwe aliwaeleza kwamba ng'ombe ameuliwa na jicho. Wakauliza la nani.

“La huyu,” akasema. “Aliingia ndani, akatia mukono mu gunia, akahesabu.”

Nilimlaza mtoto kwenye mkeka. Nikaenda sebuleni, nikampigia magoti kama mkwe mwenye heshima, nikaukamata upindo wa kanga yake na kuufungua. Hakuamini mpaka ufunguo ulipokuwa mkononi mwangu. Ilikuwa Ijumaa, wanaume wanarudi msikitini. Nikaburuta magunia moja moja mpaka njiani, nikayapasua kwa kisu cha ndizi. Vumbi la kijani likapanda. Gunia la chini lilikuwa limeota nywele nyeupe, limeshikana kama jiwe. Watu waliziba pua. Mmoja akauliza kama kuna maiti ndani.

Mama mkwe alikuwa amekaa kizingitini, mtandio umefunika uso wote.

“Mama,” nikamwita, wote wasikie, “njoo uyafiche.”

Walicheka. Alilia. Niliangalia machozi yake, nikafikiria jagi.

Jirani mmoja alitupatia maziwa ya mbuzi, na binti yangu akaishi. Alitembea akiwa na miaka miwili na nusu, miguu imepinda kwa nje. Mume wangu alisikia pande zote mbili, akaniachia ufunguo. Tuna ng'ombe mwingine. Magunia yake nayapanga juu ya mbao zilizoinuliwa kwa mawe, mbali na ukuta, na dirisha liko wazi.

Pumba naanika njiani. Na anayezilinda dhidi ya kuku ni mama mkwe, juu ya kiti kifupi, fimbo mkononi, mahali ambapo kila anayepita kwenda barriere, kule mpakani, humwona, humsalimu na kuhesabu. Binti yangu hukaa miguuni pake. Hakuna anayemlazimisha bibi yake, ila anajua siku atakayokataa nitamtaja ng'ombe yule mbele ya wageni na kusimulia yote.

Juzi saa nane mama mkwe aliomba aingie ndani, jua linamchoma kichwa. Nilichukua chupa, nikatia pumba na chumvi, nikatikisa, nikaiacha, nikaitazama kwenye mwanga. Chumvi iliteleza yote chini. Kioo kilikuwa safi.

“Bado, mama,” nikamwambia. “Kaa.”