Mama Alipoonja Betri

Juzi mjukuu wangu aliikuta picha ya harusi ya dada yangu, akaniuliza, "Bibi, mbona wewe tu hutazami kamera?"

Kanisa letu lilikuwa na giza, na betri ya taa ya kamera ya Baba, tuliyoinunua Tororo, ilikufa siku moja kabla ya harusi. Mchana huohuo Mama akanipeleka Busia kutafuta nyingine. Duka lilinuka sabuni ya mche na mafuta ya taa.

"Hii mpya kabisa, mama," alisema mwenye duka.

"Na ile ya Tororo nayo ilikuwa mpya," Mama akamjibu. Akagusisha vile vibati viwili vya betri kwenye ulimi, akakunja uso. "Hii kali. Nachukua."

Mimi nilikuwa nimekanywa kila siku kwamba betri ni sumu. Sikujua kwamba umeme ule huuchoma ulimi kidogo tu, ukapita. Njia nzima nilimshika mkono nikisubiri aanguke. Usiku niliusikiliza mkoromo wake.

Kesho yake kanisani taa iliwaka vizuri, wote wakitazama kamera. Mimi nilimtazama Mama. Alikuwa anacheka, mzima kabisa.