Tawi Bichi Njia Panda

Jumamosi iliyopita vijana wa matembezi walinipigia hodi tena hapa Boko, mabegi mgongoni, viatu vipya miguuni. "Shikamoo anti. Leo sie tunataka njia yenye kivuli, kilima kidogo cha kututoa jasho, na mahali pazuri pa kupiga picha. Mwisho tunywe madafu." Nikacheka. Nasi utotoni tulichagua njia kwa mambo hayohayo, ukiondoa picha: tulifuata zambarau, mabungo, na mchanga usiounguza nyayo.

Njia tamu kuliko zote ilipita nyuma kwa jirani, ikateremka hadi Mbweni. Bibi aliipenda kwa ajili ya goti lake. Alitutangulia na kikapu cha vitumbua vya kuuza, harufu ikituvuta nyuma yake. Njia ilipogawanyika, alivunja tawi bichi akalilaza upande ambao hatukupaswa kupita, ili tuliochelewa kwenye zambarau tusipotee. "Tawi halisemi mara mbili," alituonya.

Kisha jirani akajenga ukuta, akaikata njia. Kivuli chote kikabaki kwake. Bibi alimbembeleza amwachie upenyo tu wa kupita. Nilikuwa nimeshika kikapu, nikasikia jibu: "Mama, zunguka." Akazunguka kwa barabara ya jua, goti limevimba, mpaka akashindwa kabisa kutoka, na vitumbua vikakoma nyumbani kwetu. Sijamsamehe yule bwana, na tafadhali usinihubirie.

Sasa ni mzee, amefungua banda la madafu ndani ya ukuta uleule, chini ya mizambarau yetu. Ana kila kitu wanachokitafuta vijana hawa. Ila wa kuulizwa njia ni mimi. Nimewafundisha alama ya bibi, na kila Jumamosi navunja tawi la mwarobaini, nalilaza kwenye njia ya kwendea kwake. Wanapita upande wa pili wakiimba, naye anawasikia.

Jana alikuja mwenyewe, fimbo mkononi, jasho likimtoka, maana ukuta wake unamzungusha hata yeye. Nilimwamkia; adabu sijaipoteza.

"Marahaba. Mwanangu, mbona vijana hawapiti kwangu?"

"Wanazunguka, mzee."

Akageuka, akarudi juani. Nilifurahi, sikufichi. Kisha nikaingia jikoni, nikakaa. Vitumbua vile hakuna anayevipika tena, na sauti ya bibi iliyotuhimiza tuharakishe siisikii popote. Jumamosi tawi litalala palepale.