Tundu Nililoliziba kwa Kudhani

Sina raha kuwaeleza hii, na mpaka leo nikikaribia lile kanisa ninavuka barabara, lakini afadhali muisikie kwangu mwenyewe.

Ninatengeneza miguu ya bandia hapa Likasi. Papa Ilunga, muchimbaji wa machimbo ya Kamatanda, shimo lilimwangukia akakatwa mguu chini ya goti, akaja kwangu. Kazi yenyewe ni hivi: unavika nyuzi za kioo juu ya kalibu ya plasta, unafunika na mufuko wa plastiki, pampu inavuta hewa yote, ndiyo unamimina resini, ile gundi inayogeuka ngumu, ilowe kila mahali. Hewa ikipenya, mahali fulani panabaki pakavu. Kwa hiyo kwanza unafunga vali ya pampu na kuangalia sindano ya kipimo: ikishuka, kuna tundu. Siku ile ikashuka. Nikatega sikio nitafute tundu, lakini jirani alikuwa anasaga vyuma, na niliogopa umeme ukatike (unakatikaga bila kuaga), basi nikabandika utepe wa skochi pale nilipodhani, nikafungua vali, pampu ikavuta, sindano ikapanda, nikamimina. Sikufunga vali kupima tena.

Wiki tatu baadaye, Papa Ilunga akiwa ameuvaa ule mguu, pasta akatuita mbele kanisani, papa atoe ushuhuda, minye fundi nipewe mikro ya kusemea (nilivaa kitenge kipya, nikijiona mutu mukubwa). Na ni minye, si mwingine, niliyesema, "Papa, ruka kidogo, bantu baone."

Akaruka. Mguu ukapasuka, akaangukia mkono wa kuume, nao ukavunjika. Hakuna aliyecheka. Akaniangalia toka chini, akauliza polepole, "Mama Béatrice, weye ulijua?"

"Hapana, papa," nikajibu, na mikro ikalipeleka neno hilo mpaka viti vya nyuma.

Kesho yake nikaukata ule mguu uliopasuka: ndani nyuzi nyeupe, kavu kabisa. Nikaenda hospitali alikolazwa papa, nikamwambia yote.

"Ya mguu nimekusamehe," akasema. "Ya ile 'hapana', ngojea kwanza."

Nilipomtengenezea mguu mwingine nilimwomba jirani azime mashine yake, nikasikia hewa ikifyonzwa kwenye kikunjo cha plastiki karibu na bomba, nikakibana na mastiki ya kunata, nikafunga vali, sindano ikatulia. Siku hizi ikishuka ninabomoa na kuanza upya, hata umeme ukatike mara tatu.

Papa alipokuja kuuchukua alitembea vizuri. Akaniaga kwa mkono wa kushoto, maana ule wa kuume haukunyooka tena.