Shimo ya Avoka ku Lopitalo

Usiniambie kama maua ni bintu ya batajiri. Mi nilitumikaka mu bustani ya lopitalo moja hapa Kolwezi, myaka saba, na nilionaka bagonjwa banapona pale kuliko mu chumba. Mi ningali kijana, lakini ile kazi ilishakufa. Njo maana ninaieleza sasa, mbele batu baseme haikukuwaka.

Siku ya kwanza Shefu wa bustani alinipeleka ku pepinieri, mahali tunalelea miti midogo mu basashe ya plastiki.

"Ulisoma?"

"Hapana, Shefu. Ninajifunzaka na macho."

"Basi angalia. Mbele ya kupanda, unatosha sashe, unaivua ku muzizi. Muzizi haipumui mu plastiki. Na shimo ya muti, mwisho ku magoti."

Kisha Mama mukubwa wa bainfirmière, bauguzi ba lopitalo, akatuletea mugonjwa mumoja, Tata Ngoie, creuseur, mwenye kuchimbaka madini na mikono. Shimo ya madini ya Mutoshi ilimwangukia, akabakia chini ya bulongo siku mbili. Tangu pale hakusema hata neno. Shefu akasema apande miti na sisi. Nikakasirika.

"Shefu, bulongo njo ilimufunga kinywa, na weye unamurudisha mu bulongo?"

"Ile ilikuwa ya giza. Hii iko na jua."

Myezi mbili Tata Ngoie alipandaka karibu yangu. Akaanza kulala bila kidonge, Mama mwenyewe alituambia. Asubuhi moja ninapanda haraka haraka, ninasikia mutu nyuma:

"Weye kijana, sashe haukuitosha. Unataka kuua muti?"

Ni yeye. Neno ya kwanza, na ni ya kunigombeza. Tulicheka mpaka Shefu akaikala chini.

Ile furaha ilinipanda ku kichwa. Nilitaka kumupandia avoka yake, muti wa parachichi, nikachimba shimo mpaka ku kiuno. Kukatoka jiwe nyeusi, nzito: kobalti, madini ya bei. Mi mujinga, nikaitembeza lopitalo yote. "Muangalie, hata bustani yetu iko tajiri."

Jumatatu Directeur wa lopitalo akakuja na batu ba kampuni ya madini, ba makofia ya chuma.

"Bustani inafungwa. Bagonjwa babakie ndani."

Leo pale ni shimo tu, na bati kuzunguka. Shefu aliacha kazi, akaenda pansion bila kunitukana, na ile njo inaniuma. Tata Ngoie aliniuliza mara moja, "Ile jiwe, uliwaonyesha juu ya nini?" Kisha akageuza uso ku ukuta, na mpaka leo hasemi.

Ninataka kumutosha mu ile chumba, apande miti tena. Weye mwenye kunibishia, niambie: mu Kolwezi hii, ni wapi kulibakia bulongo yenye hapana mutu anaichimba?