Weka kwa Dawa

Kwenye maabara yetu pale Eldoret kila chupa tuliiita dawa. Maji ya rangi ya waridi ya kukuzia chembe hai yalikuwa dawa. Fomalini, inayoua chembe na kuufanya ubongo uwe mgumu kama ugali uliolala, nayo ilikuwa dawa. Uvivu wa ulimi tu, na mimi nilikuwa fundi wa uvivu huo.

Mwaka mmoja akafa mkulima wa Turbo. Alianza kwa kusahau majina ya watoto wake, akayumba, akatetemeka, na kabla mahindi yake hayajavunwa alikuwa amekwisha. Ndugu zake wakasema mkewe amemlisha dawa. Chifu akampa mama yule nafasi moja: alete barua ya daktari, la sivyo aache shamba na watoto. Siku zile neno la chifu lilikuwa sheria.

Ndiyo maana alikubali kichwa cha mumewe kifunguliwe, kitolewe kipande kimoja tu cha ubongo. Daktari wetu, kijana aliyesomea ng'ambo, alimweleza kwamba ubongo una askari wake wadogo, chembe hai zinazoulinda lakini wakati mwingine huugeukia na kuula. Akiwakuza hai kwenye chupa, huenda angeonyesha kwamba ugonjwa ule huanzia ndani ya mtu mwenyewe, bila kulishwa kitu.

"Weka kwa dawa, haraka," akaniambia, akarudi kushona kichwa.

Mkono wangu ukaenda kwenye fomalini, kama ulivyozoea.

Kesho yake, maiti ikiwa imeshazikwa, daktari aliinua ile chupa akainusa. "Hii ni dawa gani?"

"Si ulisema dawa, daktari?"

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Askari wote walikuwa wamekufa. Kwenye darubini aliona vitundu vidogo kila mahali, lakini kilichovitoboa hakuweza kukithibitisha. Akaandika hivyo hivyo, akanituma nipeleke barua.

Chifu aliisoma barazani. Alipofika kwenye vitundu, shemeji mkubwa wa mama yule akasimama. "Si tulisema? Hiyo dawa imemkula ubongo!"

Watu wakaguna. Mama akanigeukia, maana mimi ndiye niliyetoka hospitali.

"Na wewe kijana, umeona hiyo dawa wanasema?"

Dawa pekee niliyoiona ilikuwa fomalini. Niliimimina kwa mkono wangu. Lakini niliogopa kazi yangu, nikamwogopa na chifu.

"Sijui, Mama," nikasema.

Mama aliondoka shambani jioni hiyo na kapu moja. Watoto walizuiwa mlangoni, wakimwita.